Faili Lililokatikia Njiani

Dada yangu mkubwa aliandika anwani ya tovuti kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino, akihofia karatasi ingepotea njiani. Ilikuwa 2012. Tuliondoka Kiuyu alfajiri kwa gari ya abiria, tukabadilisha gari njiani, na tulipofika Wete jua lilikuwa limeshapanda. Alikuwa anafuata fomu ya kuombea masomo. Fomu ilikuwa kwenye intaneti tu, ni faili la megabaiti nne na kitu, na siku ya mwisho kuipeleka Unguja ilikuwa keshokutwa.

Duka la intaneti lilikuwa na kompyuta nne, na unalipa kwa saa. Tulibonyeza, tukakaa tukiangalia mstari wa kijani ukijivuta kwenda kulia. Ulipofika asilimia 97, umeme ukakatika.

Umeme uliporudi, faili lilikuwepo. Jina lake lilikuwepo, ukubwa wake ulikaribia kutimia, lakini halikufunguka. Tukaanza upya kutoka sifuri. Safari ya pili mtandao wenyewe ndio ulioanguka. Kijana mwenye duka akatusogelea na flashi mkononi. "Dada, usianze tena hivyo. Ngoja nikuwekee kitu." Akaweka kivinjari kingine, na juu ya kivinjari hicho akaweka nyongeza ya kupakulia. Safari ya tatu mtandao ulikatika mara mbili na kila mara faili liliendelea pale lilipoachia. Likatimia. Tulipolibonyeza, kompyuta ikasema haina programu ya kusomea faili la aina hiyo. Kijana akacheka, akafungua kivinjari cha tatu, akaliburuta faili ndani yake, na fomu ikajitandaza kwenye kioo.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Meli ya siku ile ilikuwa imeshaondoka. Dada alipofika Unguja, siku ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku moja. Mwaka ule aliumalizia ufukweni, akifunga mwani kwenye kamba pamoja na mama.

Nimeisoma mara nyingi historia ya vivinjari tangu siku ile, na mara nyingi nimeikuta ikisimuliwa kama vita vya makampuni: nani alimwua nani, nani alishtakiwa, nani aliuza hisa. Yote hayo yalitokea. Lakini ukiisoma historia hiyo ukiwa umekaa Kiuyu, swali linalokujia ni jingine. Chombo hiki kinakuja na nini ndani yake? Kisichokuwa nacho naweza kukiongeza? Na mtandao ukikatika, kinafanya nini na kile nilichokwisha kukilipia?

*

Kivinjari cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Kiliitwa WorldWideWeb, na kilikuwa na sifa ambayo vivinjari vingi vya baadaye viliipoteza: uliweza kusoma ukurasa na kuuandika kwa chombo hicho hicho. Mwaka 1993 wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakatoa Mosaic, kilichoonyesha picha katikati ya maandishi. Baadhi yao wakaenda kuanzisha Netscape mwaka 1994. Microsoft nayo ikatoa Internet Explorer mwaka 1995, ikakiunganisha na Windows, na mwaka 1998 serikali ya Marekani ikaifikisha kampuni hiyo mahakamani.

Kesi hiyo, ukiipunguza hadi kiini chake, ilikuwa kesi kuhusu kitu kinachokuja ndani. Kompyuta inayofika dukani tayari ina kivinjari. Mnunuzi atakwenda kutafuta kingine kwa sababu gani? Kwa mtu wa New York, kutafuta kingine kulikuwa kubonyeza mara mbili tatu. Kwa mtu wa Pemba wa miaka ile, kivinjari kilichokuja na kompyuta ndicho kilichokuwepo, mpaka atokee mtu na diski.

Huko Norway kulikuwa na watu waliofikiri kwa njia nyingine. Opera ilianza mwaka 1994 ndani ya shirika la simu la Telenor, kazi ya Jon von Tetzchner na Geir Ivarsøy. Ilisifiwa kwa wepesi, lakini ndani ya wepesi huo walipanga kila kitu. Kurasa nyingi ndani ya dirisha moja, ishara za kipanya, baadaye barua pepe, orodha ya vipakuliwa yenye kusimamisha na kuendeleza, na mwaka 2006, katika toleo la 9, hata uwezo wa BitTorrent. Nyongeza za kujiwekea hazikuwepo mpaka toleo la 11, mwishoni mwa 2010. Falsafa yao ilikuwa ya mpishi anayekuletea sinia lililokamilika, usihitaji kwenda dukani kununua chumvi.

Firefox ilizaliwa kwa falsafa ya kinyume. Netscape ilipoona inashindwa iliuachia umma msimbo wake, Machi 1998. Mradi wa Mozilla uliotokana na hapo ulizaa programu nzito: kivinjari, barua pepe na kihariri cha kurasa, vyote chombo kimoja. Vijana wachache ndani ya mradi wakachoka na uzito huo. Mwaka 2002 wakatoa kivinjari chepesi walichokiita Phoenix, na baada ya kubadilishwa jina mara mbili kikatoka rasmi kama Firefox 1.0 tarehe 9 Novemba 2004. Wazo lao lilikuwa kuweka ndani kile ambacho karibu kila mtu anakihitaji, na kilichobaki kila mtu ajiongezee mwenyewe. Ndipo zikaja nyongeza kwa maelfu. Mojawapo ni DownThemAll, iliyoligawa faili vipande na kuvivuta vyote kwa pamoja, na iliyoweza kuendelea pale mtandao ulipokatika.

Mabishano ya vijiwe vya wajuzi wa kompyuta wakati ule yalikuwa haya hasa. Upande mmoja ulisema kilichojengewa ndani hakivunjiki toleo jipya likitoka, kwa sababu kimeandikwa na mikono ile ile. Upande wa pili ulisema nyongeza ni uhuru, kwa sababu mtengenezaji wa Oslo au California hajui shida yako. Wote walikuwa na ukweli. Waliokuwa na mtandao usiokatika waliweza kuubishania kwa starehe.

*

Kuendeleza upakuaji uliokatika ni jambo dogo ukilieleza. Kanuni za HTTP/1.1, zilizochapishwa mara ya kwanza Januari 1997, ziliruhusu kivinjari kuiambia seva: sitaki faili zima, nipe kuanzia baiti fulani hadi mwisho. Seva ikikubali, inatuma kipande hicho peke yake, na kivinjari kinakiunga na kile kilichokwisha kufika. Kinachohitajika ni seva iwe tayari, na kivinjari kiwe na kumbukumbu: kilihifadhi nini, kilifika wapi, na faili bado ni lile lile.

Kanuni ilikuwepo 1997. Kivinjari kinachotumiwa na watu wengi kilipewa kumbukumbu hiyo lini? Firefox 3, ya Juni 2008, ndiyo iliyoweza kuendeleza faili hata baada ya kukifunga kivinjari na kukifungua tena. Internet Explorer ilipata kisimamizi cha vipakuliwa, chenye kusimamisha na kuendeleza, katika toleo la 9 mwaka 2011. Na toleo la 9 halikukubali kuwekwa kwenye Windows XP. Mashine za zamani, ambazo ndizo zilizojaa maduka ya intaneti ya Afrika Mashariki wakati ule, ziliishia toleo la 8. Mashine iliyokuwa na shida kubwa kuliko zote ndiyo iliyonyimwa dawa. Kwa hiyo pengo likazibwa na programu za pembeni kama GetRight na FlashGet, na na nyongeza za Firefox, zilizosambaa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Vijana wenye maduka, kama yule wa Wete, walikuwa mabohari wa nyongeza.

Kuna tarehe moja ambayo kila nikiikumbuka husimama. Firefox 3 ilitoka tarehe 17 Juni 2008, na watengenezaji wake waliwaomba watu duniani kote waipakue siku hiyo hiyo ili waweke rekodi ya Guinness. Ndani ya saa 24 ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 8, na rekodi ikaandikwa. Siku hiyo hiyo kisiwa cha Unguja kilikuwa gizani. Umeme wa kutoka bara ulikuwa umekatika tangu 21 Mei, na ulirudi 18 Juni. Kivinjari kilichojifunza kustahimili kukatika kilizinduliwa siku moja kabla ya Unguja kupata umeme, na wengi wa waliokihitaji zaidi hawakuwa na mahali pa kukichomeka.

Sisi Pemba giza lile halikutugusa, kwa sababu ambayo si ya kujisifia: hatukuwa tumeunganishwa na bara kabisa. Tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka 2010 ndipo kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ilipofika Pemba, ikigharamiwa kwa sehemu kubwa na Norway. Mwaka mmoja kabla, Julai 2009, kebo nyingine ya baharini, SEACOM, ilikuwa imetua Dar es Salaam na kuanza kuitoa nchi kwenye utegemezi wa setilaiti. Umeme kwa kebo moja, intaneti kwa nyingine. Vijijini vilifika kwa kasi tofauti: nyumba yetu Kiuyu ilikuwa na simu tatu kabla ya kuwa na taa moja.

*

Simu hizo tatu ndizo zilizotuonyesha kivinjari kwa mara ya kwanza, na kivinjari chenyewe kilitoka Norway vilevile. Opera Mini ilitolewa kwa dunia nzima Januari 2006, baada ya kujaribiwa Norway mwaka uliotangulia. Ilikuwa programu ndogo ya Java iliyokaa kwenye simu za vitufe. Siri yake ni kwamba haikufungua ukurasa wenyewe. Ilituma ombi kwa seva za kampuni; seva ziliufungua ukurasa, zikaubana, zikaipunguza picha, kisha zikairudishia simu kitu kilichopungua hadi sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa awali. Simu yenye kumbukumbu finyu ilipewa ukurasa mrefu kwa vipande, cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Kwa mtu anayelipa kwa megabaiti, hicho si kipengele miongoni mwa vipengele. Ni tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Februari 2013 yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, yale ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata serikali ikaunda tume na Mei yakapangwa upya, vijana walikaa chini ya mwembe wakiwa na simu moja na vocha ya kuchangishana. Ukurasa wa skuli nzima ulishuka kwa vipande. Kila kipande kilipofika, aliyeshika simu alisoma namba kwa sauti na wengine walinyamaza. Ulikuwa ukimya mrefu. Sifuri zilikuwa nyingi.

Kwenye kupakua, UC Browser ya China ndiyo iliyopendwa na rafiki zangu wengi. Ilikuja na kisimamizi chake ndani, unasimamisha usiku na kuendeleza kesho yake bando linapopatikana. Nyimbo za taarabu, mawaidha, video za mpira, vyote vilishuka kidogo kidogo kama maji ya bomba la kijiji.

Gharama ya wepesi huo hatukuiona kwa sababu haikukatwa kwenye vocha. Ili Opera Mini iubane ukurasa, seva zake zililazimika kuusoma. Hata kurasa zilizofungwa kwa usimbaji fiche zilifunguliwa pale katikati, na kampuni yenyewe ilieleza wazi katika maelezo yake kwamba ulinzi wa kutoka mwanzo hadi mwisho haupo. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab, Kanada, walichapisha ripoti iliyoonyesha UC Browser ikivujisha taarifa za watumiaji wake. Mwenye kompyuta nzuri na mtandao mnene alipata kasi na faragha kwa pamoja. Mwenye simu ya vitufe aliambiwa achague, na hakuambiwa kwamba amechagua.

*

Nikiwa mwanafunzi niliwahi kumwuliza mzee mmoja mvuvi wa Kiuyu maana ya kuvinjari. Hakuwaza simu. Alinionyesha baharini: chombo kinachozungukazunguka bila kutia nanga, macho yakiwa kazini. Neno letu la kivinjari limechukuliwa kutoka huko. Kupakua nalo ni neno la bandarini na la jikoni, unapakua shehena na unapakua wali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ulionyesha kwamba kompyuta inaweza kuzungumza lugha hii bila kuona haya. Leo ukifungua Chrome kwa Kiswahili unakutana na vichupo, alamisho, vipakuliwa na hali fiche. Vidakuzi navyo vimo, neno ambalo sikio langu haliwezi kulitenga na udaku, na pengine ndivyo inavyostahili.

Chrome yenyewe ilikuja Septemba 2008 na katika miaka michache ikawashinda wote. Ilichanganya falsafa mbili: mwaka 2010 ilikubali nyongeza, na mwaka huo huo ikaweka ndani kisomaji cha PDF. Firefox ilifuata na kisomaji chake Februari 2013. Kivinjari cha tatu kilichotufungulia fomu Wete kilikuwa na kitu hicho ndani. Mwaka mmoja au miwili nyuma, tungehitaji kupakua programu nyingine nzima ili tusome kurasa mbili.

Kisha mlango wa nyongeza ukaanza kubanwa. Novemba 2017 Firefox 57 iliachana na mfumo wa zamani wa nyongeza kwa ajili ya kasi na usalama, na DownThemAll ikaacha kufanya kazi. Iliandikwa upya baadaye ikiwa na uwezo pungufu. Chrome nayo, kwa kanuni zake mpya, mwaka 2024 ilianza kuzizima nyongeza za zamani za kuzuia matangazo. Na kile kilichojengewa ndani nacho si mali yako. Chrome ya Android ilikuwa na hali ya kupunguza data. Mwaka 2022 Google iliiondoa, ikieleza kwamba gharama ya data imeshuka katika nchi nyingi. Niliisoma sababu hiyo nikiwa Kiuyu, na bando langu lilikuwa limekwisha kabla ya Ijumaa.

Kuna mahali pia ambapo mabishano yote haya huishia. Oktoba 2020, siku za uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilizuiwa nchini, na vijana waliokuwa hawajawahi kusikia VPN waliifahamu kwa usiku mmoja. Wengine waliweka nyongeza. Wengine waligundua kwamba Opera wanayo ndani tayari. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ilitaka wanaotumia VPN wajitambulishe. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mwingine, intaneti nzima ilizimwa, na kwa siku kadhaa hakukuwa na kipengele wala nyongeza ya kumsaidia mtu. Tulibaki na vile tulivyokwisha kuvipakua.

*

Dada alituma fomu mwaka uliofuata, safari hiyo wiki tatu kabla. Sasa ni mwalimu. Simu yake ina mitihani ya miaka iliyopita, vitabu vya fizikia, ramani, kurasa nzima alizozihifadhi mtandao ulipokuwa mzuri. Wanafunzi wake humcheka kwa kulimbikiza. Siku zile za 2025 hawakucheka. Walipanga foleni na simu zao.

Mwezi uliopita alinipigia. Skuli imepata kompyuta sita zilizokwishatumika, na anataka kujua aweke kivinjari gani. Nilianza kumweleza kuhusu injini na kasi, akanikata.

"Mdogo wangu, mimi nataka kujua mambo matatu. Ukikatika, kinaendelea? Faili likifika, kinalifungua bila kunituma kutafuta kitu kingine? Na watoto wakisoma, nani mwingine anasoma nao?"

Nilimtajia kimoja, nikamweleza nyongeza moja ya kuweka na mpangilio mmoja wa kuzima. Alikuwa anaandika, nilisikia kalamu.

"Umeandika kwenye karatasi?" nikamwuliza.

"Kiganjani," akasema. "Karatasi hupotea."